Kutoka kipindi cha Kijerumani hadi meza ya mitaala: kisa cha Hilda Taba

Mwaka 1933 mwanamke wa miaka thelathini kutoka Estonia alianza kufundisha Kijerumani katika Shule ya Dalton, jijini New York. Tayari alikuwa na shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1935 shule hiyohiyo ikamfanya mkurugenzi wa mitaala. Alipofariki mwaka 1967, Hilda Taba alikuwa miongoni mwa watu wachache ambao majina yao hayakosekani popote mitaala inaposomeshwa, vyuo vyetu vya ualimu vikiwemo.

Kwetu wengi hukutana naye kwa haraka. Mwanafunzi wa ualimu, awe Dodoma au Eldoret, humkuta kwenye nuti za kozi ya mitaala akiwa kando ya Ralph Tyler, mtaalamu mwenzake wa mitaala wa Marekani. Tyler maswali manne, Taba hatua saba za kupanga mtaala. Unaandika, unakariri, unajibu mtihani, basi. Hatua hizo ni zake kweli, lakini zikisomwa hivyo hazisemi zilitoka wapi. Nyuma yake kuna mtu aliyepita njia ambayo walimu wengi wanaitamani na hawaoni inaanzia wapi: kutoka kusimama mbele ya wanafunzi hadi kushiriki kuamua wafundishwe nini. Nakichambua kisa chake kama kisa cha kazi, kwa sababu naamini kina jambo ambalo mwalimu wa Kahama au Kakamega analihitaji leo kuliko anavyohitaji orodha ya hatua.

Niseme mapema ninachokiona. Kilichompandisha Taba ni kazi ya kuchunguza watoto wameelewa nini hasa. Alipofika juu, aliitumia nafasi hiyo kuwapa walimu mamlaka ya kuuanzisha mtaala wenyewe. Mambo haya mawili yameshikana. Ukilichukua la pili ukaliacha la kwanza, unabaki na warsha na posho.

Njia iliyopinda

Taba alizaliwa tarehe 7 Desemba 1902 katika kijiji cha Kooraste, kusini-mashariki mwa Estonia, wa kwanza kati ya watoto tisa wa mwalimu. Alianza kusoma katika shule ya baba yake. Mwaka 1921 alimaliza sekondari ya wasichana mjini Võru akiwa na nia ya kufundisha shule ya msingi. Badala yake akajiunga na Chuo Kikuu cha Tartu kusoma uchumi, akaona haumvutii, akahamia historia na elimu. Alihitimu 1926, akapata ufadhili wa kwenda Marekani, akachukua uzamili katika Chuo cha Bryn Mawr mwaka 1927, kisha akaingia Columbia. Huko alisoma chini ya William Kilpatrick, profesa wa elimu mwenye jina, katika kipindi ambacho mawazo ya John Dewey, mwanafalsafa aliyetetea mtoto kujifunza kwa kutenda, ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa kila kona. Tasnifu yake ilichapishwa 1932.

Alikuwa na mpango wa kueleweka kabisa: kurudi nyumbani na kupata nafasi ya uprofesa wa elimu pale Tartu. Aliomba. Hakupewa. Ndipo akarudi Marekani, na kazi iliyopatikana ikawa ya kufundisha Kijerumani kwa watoto wa sekondari.

Ukiitazama kwa macho ya vyeo, hiyo ni kushuka. Mtu mwenye uzamivu, mwanafunzi wa Kilpatrick, anasahihisha vitenzi vya Kijerumani. Mimi naiona tofauti. Sidhani kama Taba tunayemjua angepatikana kama Tartu wangempa kiti alichokiomba. Angekuwa profesa mzuri wa nadharia ya elimu. Dalton ilimpa kitu ambacho kiti cha profesa hakitoi, yaani kuwajibika kwa kile ambacho mtoto huyu aliyekaa mbele yako amekipata au amekikosa.

Na Dalton haikuwa shule ya kawaida. Ilianzishwa 1919 na Helen Parkhurst, aliyeukataa utaratibu wa kengele kulia na darasa zima kufungua ukurasa uleule. Mwanafunzi alipewa kazi za mwezi mzima kwa kila somo, akapanga mwenyewe muda wake na kwenda kwa mwalimu wa somo anapohitaji. Fikiria maana yake kwa mwalimu. Hawezi kuingia, akahutubia dakika arobaini, akatoka. Lazima aandike kazi ya mwezi kwa namna ambayo mtoto akiifanya peke yake atafika mahali fulani, na mwalimu ajue mahali hapo ni wapi. Katika mazingira hayo kila mwalimu anaandika kipande cha mtaala kila mwezi, ajue au asijue. Ndiyo maana sishangai kwamba mwalimu wa lugha aliweza kuwa mkurugenzi wa mitaala ndani ya miaka miwili. Kazi zenyewe zilikuwa karibu kuliko majina yake yanavyoonyesha.

Upimaji ndio uliofungua mlango

Wakati huo Dalton ilikuwa mojawapo ya sekondari 30 zilizoingia katika utafiti mkubwa wa chama cha elimu ya kimaendeleo cha Marekani, unaojulikana kama Utafiti wa Miaka Minane. Vyuo zaidi ya 300 vilikubali kuwapokea wahitimu wa shule hizo bila kuwadai orodha ya kawaida ya masomo ya kuingilia chuo. Kwa lugha yetu, ni kama Baraza la Mitihani liziambie shule 30: fundisheni mnavyoona inafaa, watoto wenu hawatafungiwa mlango.

Uhuru huo ulizaa swali ambalo shule nyingi hazikuwa zimejiandaa kulijibu. Kama hatufuati ile orodha, tunafundisha nini? Na tutajuaje kama kimeingia? Aliyepewa kuongoza timu ya upimaji ni Ralph Tyler, ambaye naye aliwahi kufundisha sayansi katika sekondari moja ya Pierre, South Dakota. Tyler alipoiona kazi ya Taba alimwita kwenye timu yake. Mwaka 1936 Taba akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na 1938 timu ilipohamia Chuo Kikuu cha Chicago akaenda nayo, ambako baadaye aliongoza maabara ya mitaala hadi 1945.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye fundo la kisa. Taba hakuitwa kwa sababu ya kuandika sera, wala kwa kuwa na miaka mingi kazini. Aliitwa kuunda vipimo. Tena alipewa eneo gumu kuliko yote: uelewa wa mwanafunzi kuhusu mambo ya jamii na namna anavyoyachukulia. Hesabu unaweza kuipima kwa jibu. Utapimaje kama kijana wa miaka kumi na sita amejifunza kufikiri juu ya umaskini, ubaguzi au haki za wafanyakazi? Ukimwuliza maana ya demokrasia atakukariria. Njia waliyoitumia ilikuwa kumpa mwanafunzi tatizo la kijamii, kumtaka achague hatua ambayo angeiunga mkono, kisha achague sababu zake. Ndipo wakaanza kuona yasiyoonekana kwenye mtihani wa kawaida: mwanafunzi anachagua msimamo mzuri kwa sababu zisizohusiana nao, au sababu zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe.

Mwalimu akishaona hivyo mara kadhaa, hawezi tena kuandika lengo la somo kama zamani. “Mwanafunzi aelewe demokrasia” linakosa maana. Analazimika kujiuliza: akishaelewa atafanya nini ambacho kabla hakuweza? Mtu anayeuliza hivyo tayari yumo katika kazi ya mitaala, hata kama barua yake ya ajira inasema ni mwalimu wa Kijerumani.

Matokeo ya utafiti yalichapishwa 1942. Wahitimu 1,475 wa shule hizo walilinganishwa chuoni, mmoja kwa mmoja, na wenzao waliotoka shule za kawaida. Hawakuwa nyuma. Kwa alama walikuwa sawa au juu kidogo, na katika udadisi na kujisimamia walionekana mbele. Vita vya Pili vya Dunia vikayafunika matokeo hayo, na kwa maoni yangu elimu bado haijayafanyia haki.

Kwanza wajue watoto wenyewe

Juni 1943 mji wa Detroit ulilipuka kwa ghasia za rangi. Watu 34 waliuawa. Marekani ilikuwa vitani dhidi ya ubaguzi wa Hitler huku mitaa yake ikiwaka. Viongozi wa elimu wakauliza shule zifanye nini, na Januari 1945 Taba akapewa kuongoza mradi wa elimu ya mahusiano baina ya makundi, uliofanya kazi na shule za miji mbalimbali. Kuanzia 1948 hadi 1951 aliiendeleza kazi hiyo katika kituo maalumu pale Chicago.

Ilikuwa rahisi kuandaa kitabu cha “tupendane” na kukisambaza nchi nzima. Taba alianzia kwingine. Walimu walifundishwa kukusanya habari za watoto wao kabla ya kupanga mada yoyote. Watoto waliandika shajara za wanachofanya baada ya shule. Waliulizwa wangependa kukaa na nani, na majibu yakachorwa yaonyeshe nani anachaguliwa na wengi na nani hachaguliwi na yeyote. Wazazi walihojiwa. Mwalimu aliyedhani anajua tatizo la darasa lake mara nyingi aligundua tatizo ni jingine: watoto wa mitaa tofauti hawakutani kabisa nje ya shule, au aliyedhaniwa mkimya ametengwa.

Ile hatua ya kwanza kati ya saba, ile tunayoikariri kama “kubaini mahitaji”, ilitoka hapa. Kabla haijaingia kitabuni ilikuwa kazi ya mikono ya walimu wenye madaftari, wakihesabu majina.

Contra Costa

Mwaka 1951 alikwenda Chuo cha Jimbo cha San Francisco, na huko akafanya kazi yake kubwa kuliko zote, pamoja na walimu wa kaunti ya Contra Costa, ng’ambo ya ghuba. Kazi ilikuwa kuufanya upya mtaala wa maarifa ya jamii wa shule za msingi.

Shida waliyoikuta Contra Costa, mwalimu yeyote wa kwetu ataitambua: maudhui yamejaa hadi yanamwagika. Kila miaka inavyopita kunaongezwa mada, hakuna inayotolewa, na mwalimu anakimbia kumaliza silabasi. Taba aliyapanga maudhui katika ngazi tatu. Chini kabisa ni taarifa mahususi: majina, tarehe, mazao, milima. Juu yake ni mawazo makuu, kwa mfano kwamba namna watu wanavyoishi inategemea mazingira yao na pia mila na ujuzi walio nao. Juu kabisa ni dhana zinazorudi mwaka hadi mwaka, kama kutegemeana, ushirikiano, tofauti, mabadiliko ya utamaduni, madaraka. Taarifa, alisema, hazina haja ya kumalizwa. Zinachaguliwa chache zinazotosha kulijenga wazo kuu, na hizo chache zinafundishwa kwa kina. Jamii mbili zilizochunguzwa vizuri na kulinganishwa zinampa mtoto zaidi ya jamii kumi alizozipitia juujuu.

Halafu akageuza mpangilio wa kazi, na hapa ndipo alipoachana na Tyler, mtu aliyemfungulia mlango. Kwa desturi wataalamu huandika kiunzi cha mtaala kwanza, kisha muhtasari, kisha vitabu, na mwisho mwalimu anaitwa kwenye semina kuelezwa. Taba alisema anza na mwalimu. Kikundi cha walimu wa darasa moja kiandae mada ya majaribio: wabaini mahitaji, waandike malengo, wachague na kupanga maudhui, wachague na kupanga shughuli za kujifunza, waamue watapimaje. Hizo ndizo hatua saba, na ni hatua za kuandaa mada moja. Baada ya hapo mada ijaribiwe katika madarasa mengine yenye watoto na walimu tofauti. Irekebishwe kwa yaliyoonekana. Mada kadhaa zikishapita hapo, ndipo wataalamu wakae, waangalie kama zinashikana, kipi kimerudiwa na kipi kimesahaulika, na kiunzi kiandikwe. Mwisho ndipo usambazaji.

Kitabu chake kikubwa kilichoeleza haya kilitoka 1962, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kufanya kazi hiyo na walimu. Wanaokisoma kama nadharia tupu wanasahau hilo.

Swali linaloulizwa mapema mno

Sehemu ya kisa hiki inayonigusa kuliko zote haimo kabisa kwenye nuti zetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Taba na wenzake waliingia katika madarasa ya Contra Costa na vinasa sauti. Walirekodi mijadala ya watoto wa shule za msingi, wakaichambua kauli moja baada ya nyingine: mwalimu amesema nini, mtoto amejibu nini, jibu liko katika kiwango gani cha kufikiri. Profesa aliyekaribia miaka sitini, mwenye jina tayari, alikuwa akisikiliza watoto wa darasa la pili na la tatu wakibishana.

Mijadala ilipangwa kwa mfuatano wa maswali. Nitautolea mfano wa kwetu. Darasa la tatu limetembelea soko. Mwalimu anauliza, “Mliona nini?” Watoto wanataja: nyanya, mama anayeuza dagaa, mizani, mkokoteni, ndizi, mtu wa ushuru, mlinzi, mitumba. Yote yanaandikwa ubaoni, hakuna linalokataliwa. Kisha, “Vipi vinaweza kwenda pamoja?” Mmoja anaweka nyanya na ndizi. Mwingine anaweka mama wa dagaa, mlinzi na mtu wa ushuru. “Kwa nini umewaweka pamoja?” Kwa sababu wote wako kazini pale. Mwingine anasema hapana, mtu wa ushuru aende na mizani, kwa kuwa vyote viwili ni vya kuhesabu pesa ya haki. Hapo ndipo swali la tatu, “Kundi hili tuliiteje?” Mtoto akitoa jina, ametengeneza dhana kwa akili yake. Hakupewa.

Rekodi zilionyesha jambo ambalo kila mwalimu mwenye haraka anapaswa kulijua. Mwalimu alipoliinua darasa mapema mno, akirukia “kwa nini” kabla watoto hawajataja na kupanga vya kutosha, wachache walimfuata na waliobaki walirudi chini, kwenye kutaja vitu tu, na darasa halikupanda tena. Waliokaa muda mrefu kwenye hatua za mwanzo, ule muda unaoonekana kama wa kupoteza, waliwavusha wengi zaidi. Na kiwango cha kufikiri cha mtoto katika mijadala hiyo hakikufungamana sana na alama zake za vipimo vya akili. Waliohesabiwa wazito waliweza kufika pale pale, wakipewa muda na maswali kwa mpangilio. Kilichobadilisha zaidi hali ya darasa kilikuwa maswali ya mwalimu.

Mkuza mitaala aliyesikia rekodi hizo hawezi kuandika muhtasari wenye mada thelathini kwa muhula. Anajua dakika zinakwenda wapi.

Kisa hiki mbele ya shule zetu

Tuwe wakweli kwanza kuhusu tofauti. Taba alifanya kazi na kaunti moja ya California, katika nchi ambayo kila wilaya ina uhuru mkubwa wa kuamua mtaala wake. Tanzania na Kenya zina mtaala wa taifa, Taasisi ya Elimu Tanzania upande mmoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) upande wa pili, na mitihani ya taifa inayosubiri mwishoni. Mwalimu wa darasa la watoto tisini hana muda wa kuchora nani kamchagua nani. Anayesema tuuchukue mpango wa Taba kama ulivyo hajawahi kumaliza kusahihisha daftari za darasa la namna hiyo. Na kuna udhaifu ndani ya mpango wenyewe: ukianza na mada za walimu, kuziunganisha kuwa mtaala mmoja wa nchi kunachukua miaka na kunahitaji wataalamu wenye subira. Shule zenye walimu imara zitaandika vizuri, na zenye mwalimu mmoja wa masomo manne zitaachwa. Hilo la usawa ni hoja nzito, nami siipuuzi.

Hata hivyo, angalia njia ya kazi ya mwalimu wetu ilivyo. Anaanza mwalimu wa somo, anakuwa mwalimu wa taaluma, makamu, mkuu wa shule. Akibahatika, afisa elimu kata. Kila ngazi inamwondoa hatua moja kutoka kwenye daftari la mtoto na kumwongezea hatua moja ya ripoti na vikao. Ngazi hii inazalisha wasimamizi, na tunawahitaji. Lakini inapofika wakati wa kubadilisha mtaala, kama Kenya ilivyoanza mfumo wa umahiri kwenye madarasa ya mwanzo Januari 2019, na Tanzania ilivyoanza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, tunahitaji watu wa aina nyingine: wanaojua kwa ushahidi mtoto wa darasa la tatu anakwama wapi anapofika kwenye mada fulani. Ngazi ya vyeo haiwatengenezi watu hao. Wapo, ila wamejificha madarasani, na hakuna fomu inayowauliza wanajua nini.

Kisa cha Taba kinaonyesha pia kwamba miaka mingi darasani siyo sharti peke yake. Miaka yake ya kufundisha watoto haikuwa mingi. Dalton alifundisha kipindi kifupi kabla ya kupewa mitaala. Mtu anaweza kulitumia hilo kumshusha. Mimi naona kilichomtofautisha ni kwamba hakuacha kurudi. Akiwa mtaalamu wa upimaji alifanya kazi na walimu wa shule 30. Akiongoza mradi wa 1945 alikaa na walimu na shajara za watoto. Akiwa profesa mwenye kitabu alibeba kinasa sauti. Kwetu kuna walimu wa miaka ishirini ambao hawajawahi kuangalia majibu ya wanafunzi kwa nia ya kujua wamefikirije, na kuna wa miaka mitano wanaofanya hivyo kila wiki. Hawa wa pili ndio wakuza mitaala wa kesho, na mfumo unawahesabu kuwa wachanga.

Je, mwalimu anaweza kuanza wapi bila kusubiri barua? Nafasi ipo kuliko tunavyokubali. Tanzania ina MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, na ndani yake jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu wa shule moja au za jirani hukutana. Mara nyingi vikao hivyo huishia kuelezana ugumu wa mada. Vingeweza kufanya kazi ya Taba kwa udogo. Kati ya muhtasari uliotoka Dar es Salaam na andalio la somo la kesho kuna azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kugawa mada kwa wiki, na azimio hilo ni mali ya mwalimu. Walimu watatu wa darasa la tatu wachague mada moja ya muhula ambayo watoto hukwama kila mwaka. Wakusanye daftari za mwaka jana na waangalie makosa yenyewe, bila kuhesabu tiki. Waandike lengo moja linalosema mtoto atafanya nini. Wapunguze taarifa zibaki zinazotosha. Wapange maswali, la kutaja, la kupanga, la kuita jina, na wakubaliane kutorukia “kwa nini” siku ya kwanza. Mmoja afundishe, wawili wakae nyuma wakiandika watoto wanasema nini, neno kwa neno. Warekebishe, afundishe wa pili katika darasa lake. Simu yenye kinasa sauti inatosha, kwa idhini ya mkuu wa shule na wazazi.

Mdhibiti ubora akija, aonyeshwe mada hiyo pamoja na ushahidi wake. Wakuu wa shule nao wana la kufanya, na hapa nasema kwa msisitizo: walimu wa namna hii wapewe vipindi viwili vya nafasi kwa wiki, wasibebeshwe nidhamu na mifugo ya shule kwa sababu tu ni wachapakazi. Na Taasisi ya Elimu au KICD inapounda majopo ya kuandika mihtasari, barua ya wito iombe kitu kimoja zaidi ya wasifu na vyeti: mada moja uliyoijaribu, ulichokiona watoto wakifanya, na ulichobadilisha baada ya kukiona. Mwenye cheti bila mada hiyo asubiri, hata akiwa mkuu wa idara.

Taba alifariki tarehe 6 Julai 1967, kazi ya California ikiwa bado inaendelea. Wenzake wa San Francisco waliikamilisha na mtaala wa maarifa ya jamii uliozaliwa Contra Costa ukachapishwa baada yake, ukiwa umeshapita katika madarasa mengi kabla ya kuwa kitabu. Walimu walioandika mada zake za mwanzo majina yao hatuyakuti kwenye nuti za chuo, lakini kazi yao ndiyo tunayoisoma chini ya jina lake. Majopo yetu yajayo yakiandika kwa utaratibu huo, nadai jambo moja: majina ya walimu waliojaribu mada yaandikwe ndani ya muhtasari, pamoja na shule zao, kwenye ukurasa uleule wa majina ya wataalamu.